Tangi Lililosuguliwa

Kinole, Jumamosi, 9 Oktoba 1993

Tangi limefika leo alasiri, juu ya lori la ndizi lililokuwa linapanda tupu. Manyunyu yaliwakuta Mkuyuni, na mume wangu Mwinjuma, badala ya kujibana na dereva, akaingia ndani ya tangi na kujifunika turubai. Sisi tuliokuwa barazani tuliona kichwa chake tu kikichomoza juu ya ukingo, kinapanda mlima taratibu katikati ya migomba. Mama akasema hajawahi kumwona mkwe akiletwa ndani ya chungu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimecheka hivyo tangu kiwanda kimpunguze.

Nieleze mambo yalivyo, maana shajara isiyoeleza ni uvivu. Mwinjuma alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo mjini Morogoro. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kuuza kila kitu, mitumba ikajaa sokoni, kiwanda kikaanza kukohoa, na mwaka jana wakampunguza pamoja na wenzake. Wenzake walifungua vibanda. Yeye alilala. Nilikuwa narudi kutoka kufundisha kemia naikuta nyumba imenyamaza na mtu wangu amegeukia ukuta. Kisha Januari tukaja huku kwa mama yangu, tukakuta mananasi yanaozea shambani kwa sababu mvua ikikolea magari ya wanunuzi hayapandi. Mwinjuma akaokota moja, akalinusa, akasema, "Mwalimu, hii yote ni sharubati." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza nzima kwa muda mrefu, nami nikaishika kwa mikono miwili.

Nanasi ni kali. Ukilichemsha kwenye sufuria za nyumbani, sharubati inatoka na ladha ya senti. Ndiyo maana akatafuta chuma kile kisichoshika kutu, mafundi wanakiita stenlesi. Amelipata tangi hili kwa mzee Dhirajlal, mwenye duka la vifaa mjini, aliyenunua vyombo vya kiwanda cha maziwa kilichofungwa. Alilichagua kwa sumaku. Anasema stenlesi nzuri ya chakula haishikwi na sumaku, na hili halikushikwa hata kidogo.

Limewekwa kwenye banda nyuma ya nyumba ya Mama. Lina rangi ya mawingu, wala haling'ai. Mwinjuma amelipitishia kiganja kabla ya kulala.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mjomba Athumani amekuja kuliona. Huyu ni kaka wa Mama. Kwetu Waluguru ardhi inafuata kwa mama, kwa hiyo banda, shamba na hata kivuli tunachokalia ni mali ya ukoo wetu, na Mjomba ndiye msemaji wake. Mume ni mgeni, na huyu wangu ni mgeni wa kutoka Turiani. Mjomba alilizunguka tangi, mikono nyuma, akasema tuna msimu huu mmoja. Mananasi yakiisha na sharubati haijaonekana, banda litabomolewa, patapandwa migomba.

"Na mkwe wetu atatafuta pengine pa kuweka mapipa yake," akaongeza, kwa upole kabisa.

"Nimekuelewa, Mjomba," Mwinjuma akajibu, na kurudi kupima mahali pa jiko.

Mananasi yataiva Desemba. Likizo ndefu niliyoomba inaisha shule zikifunguliwa Januari. Kati ya hapo na hapo ndipo ninapoyaona maisha yangu yote, nikifumba macho: chupa zimepangwa, zina rangi ya jua la saa kumi na moja, na Mwinjuma anapiga mluzi.

Jumatano, 13 Oktoba

Ukungu kutwa. Tangi na ukungu ni rangi moja. Nikichungulia bandani naona kama hakuna kitu. Mwinjuma ameteremka mjini kutafuta chupa.

Alhamisi, 14 Oktoba

Kesho baada ya sala ya Ijumaa Mjomba anakuja na wazee kulisomea tangi dua. Mama aliposikia hakulala usingizi wa mchana. Alisimama mlangoni mwa banda akaliangalia tangi kama anavyomwangalia mtoto mwenye kamasi.

"Chombo hiki kina rangi ya majivu," akasema. "Wazee watasema nyumba hii haina wanawake."

Huku kwetu mwanamke anajulikana kwa sufuria zake. Zikianikwa juu ya kichanja zinapaswa kumwumiza macho mpita njia. Binti akiposwa, mashangazi wa mume hupita kwanza uani, kwenye vyombo, ndipo waingie ndani. Basi tukakusanyika wanawake wa nyumba zote tatu za karibu, na majivu, na mchanga wa mtoni, na stilwaya mpya, zile za nyuzi nyembamba za kusugulia masufuria. Mama aliingia ndani ya tangi kwa miguu yake, kanga imefungwa kiunoni, akasugua sakafu. Mimi nilisugua tumbo. Tuliimba nyimbo za harusi ambazo sikuwa nimeziimba tangu ujana, na stilwaya zikawa zinakatikakatika mikononi tunachukua nyingine.

Jioni tangi liling'aa. Nilijiona ndani yake, mnene kidogo, na nyuma yangu mlima mzima umepinda. Mwinjuma akirudi atafurahi mno.

Ijumaa, 15 Oktoba

Dua imesomwa. Mjomba alijitazama kwenye tangi akarekebisha kofia, kisha akajifanya hakujitazama.

Mwinjuma aliingia na chupa zake wakati wazee wanakunywa kahawa. Alisimama mlangoni kitambo. Aliliangalia tangi, akaziangalia stilwaya zilizokuwa zinakauka juu ya jiwe, akaliangalia tangi tena. Kisha akasema, "Limeng'aa. Ahsante sana, Mama." Mama akamwekea kikombe chake cha kahawa chini, juu ya mkeka, naye akakiokota. Nyumbani kwetu mama mkwe na mkwe hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kinawekwa chini kwanza, na anayepewa anangoja mtoaji arudi nyuma hatua. Ndiyo heshima yenyewe, na imekuwa hivyo kati yao tangu nilipoolewa.

Nilitegemea atafurahi zaidi. Labda amechoka na safari.

Jumanne, 19 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza, siku nzima bila kupumzika. Banda halina kuta, unyevu unaingia utakavyo.

Alhamisi, 21 Oktoba

Vidoa. Vya hudhurungi, vidogo kama mbegu za mchicha, tumboni mwa tangi na zaidi kule chini. Nilidhani ni tope. Nikapangusa, kidole kikatoka na kutu.

Sikumwambia mtu. Nimesugua kwa stilwaya mpaka vikatoka vyote.

Ijumaa, 22 Oktoba

Vimerudi.

Jumapili, 24 Oktoba

Nimesugua jana, Mama amesugua leo. Asubuhi vilikuwa vingi kuliko juzi. Mwinjuma alinikuta ndani ya tangi nimepiga magoti.

"Liache, Mwalimu. Msilisugue tena."

"Nikiliacha litaoza."

"Liache tu."

Hakueleza. Mtu aliyekuwa akinieleza mpaka jinsi nati inavyofikiri, leo "liache tu". Nilikasirika, nikasugua kwa nguvu zaidi.

Jumatano, 27 Oktoba

Nimesugua. Vimerudi.

Nimemwona asubuhi bandani, mkono umeingia kwenye tangi mpaka kwapani. Aliponisikia akatia kitu mfukoni. "Naangalia tu," akasema.

Jumamosi, 30 Oktoba

Mchana nilisinzia kwenye mkeka, mvua inapiga bati, nikajiona niko darasani. Nafundisha kidato cha tatu lile somo la alumini. Ni somo ninalolipenda kuliko yote, na kila mwaka nalifundisha vilevile: nakwangua kipande cha alumini mbele yao, nawaambia hii hapa mnayoiona iko uchi, lakini kabla hamjahesabu hata moja, imekwishajivika. Imechukua hewa ya humu darasani, hewa hiihii mnayopumua, ikajitengenezea utando mwembamba hata hadubini yetu haiuoni, na utando huo ndio unaozuia hewa iliyobaki isiendelee kuila. Chuma cha kawaida hakijui kazi hiyo. Kutu yake inabanduka, inaita nyingine. Kila mwaka kuna mmoja anauliza, "Mwalimu, kama hatuuoni tutajuaje upo?" Nami najibu, "Kwa sababu sufuria ya mama yako bado ipo."

Katika ndoto aliyeuliza alikuwa Mwinjuma, amevaa kaptura ya shule, magoti nje. Niliamka mate yamenitoka, Mama ananicheka.

Jumatatu, 1 Novemba

Mjomba ameviona vidoa. Hakuna aliyemwita, alipita tu, kama anavyopita siku zote panapokuwa na jambo.

Alikikwaruza kimoja kwa ukucha, akanusa. "Umeuziwa bati lililopakwa rangi," akamwambia Mwinjuma mbele yetu sote. "Yule mzee wa duka kakuona mtu wa kupunguzwa, akakupunguza na yeye."

Nilingoja Mwinjuma amjibu. Huyu ni mtu aliyebishana na mhandisi wa Kijerumani juu ya beringi moja wiki nzima, na mhandisi ndiye aliyeshindwa. Nilijua atatoa sumaku, ataeleza, atachora chini kwa kijiti.

"Huenda, Mjomba," akasema. "Huenda jicho langu lilikosea."

Mama alikuwa ameshika stilwaya. Aliitikisa maji, akaguna. Mjomba akaondoka na ushindi ambao hata yeye aliuona mwepesi.

Nilimfuata Mwinjuma kwenye mananasi. Nikamwuliza kwa nini amekubali. Nikamwuliza tena. Nikamwambia kama alinunua takataka aseme alinunua takataka, na kama hakununua atetee jina lake, maana mimi ndiye ninayeishi na hawa watu. Nilisema na mengine kuhusu kulala. Yeye alikuwa anang'oa majani kati ya matuta, moja moja, anayakung'uta udongo. Nilitamani anipigie kelele. Mtu akikupigia kelele angalau unajua yuko wapi.

Alhamisi, 4 Novemba

Mvua. Nimesugua. Vimerudi. Upande wa chini sasa umekuwa wa hudhurungi wote.

Jumapili, 7 Novemba

Mwinjuma ameondoka alfajiri kwenda kwao Turiani. Kaka yake anasema wanatafuta watu wa karakana kwenye mashamba ya miwa. Alimwamkia Mama kwa mbali, "Shikamoo Mama, nakwenda mara moja," na Mama akaitika, "Marahaba, ufike salama." Mimi alinishika bega. Hakusema atarudi lini.

Alichukua begi dogo. Shati la kazi na kaptura kaviacha kwenye msumari.

Mjomba ameambiwa. Amesema sawa, basi miche ya migomba itafutwe mapema.

Jumanne, 9 Novemba

Sijafanya kitu. Nimekaa barazani nikaangalia ukungu ukiteremka, unameza mgomba mmoja mmoja, unaurudisha. Mama ananiambia nile.

Alhamisi, 11 Novemba

Leo nimeteremka mjini na hasira yangu, nimeifunga vizuri isimwagike njiani. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno ya kumwambia Dhirajlal.

Nilimkuta nyuma ya kaunta, katikati ya vitu vilivyojaa mpaka darini siku hizi, nondo, ndoo za plastiki, kufuli za Kichina. Nikayasema yote. Wateja waligeuka. Aliniacha nimalize, akavua miwani.

"Mwalimu, mume wako mwenyewe kachagua," akasema. "Palikuwa na matatu. Kapima yote kwa sumaku mbele yangu, karudia, kaingia mpaka ndani. Mimi ningekuwa mwizi, Mwinjuma angekuwa wa kwanza kunijua." Kisha akaita kuelekea ndani, "Indu, mwalimu wa Dharmesh yupo. Mpe maji, kachoka."

Induben, mke wake, alinishika mkono akanipitisha kwenye pazia hadi jikoni. Nilimfundisha mtoto wao Dharmesh miaka minne, na sikuwahi kuingia jikoni mwao. Rafu nzima ilikuwa ya stenlesi: sahani, bakuli, bilauri, mitungi. Hakuna kilichong'aa cha kuumiza macho. Vyote vilikuwa na ile rangi ya mawingu.

"Ni vya zamani?" nikauliza.

"Vya harusi yangu. Mama alinipa, baadhi alipewa yeye." Akanipa maji kwenye bilauri moja. "Mbona unaiangalia hivyo?"

"Unaisugulia nini?"

"Makumbi ya nazi na ndimu, basi. Stilwaya haiingii humu. Ile kwenye masufuria." Alicheka kidogo. "Msichana wangu wa kwanza wa kazi alisugua bakuli kwa stilwaya, akitaka kunifurahisha. Likapata vidoa kama ndui. Nikalia. Mama akaja kutoka Kilosa, akalipaka ndimu, akaliosha, akalifungia kwenye kabati la wavu. Akasema kesho nzima lisiguswe na mtu. Vyombo hivi vinataka kupumua."

"Vipumue nini?"

"Sijui mimi, Mwalimu. Tena mama alisema ni jicho la watu linaondoka. Nikamwuliza, ni hewa au ni jicho? Akasema fanya tu." Akanitazama. "Wewe ndiye wa kemia."

Nilikaa na ile bilauri mkononi. Nilikuwa naona stilwaya zikikatikakatika tukiimba. Vipande vidogo vya chuma cha kawaida, tumevikandamiza ndani ya ngozi ya tangi kwa nguvu zetu zote, kila kimoja kinaota kutu yake pale kilipokaa. Na mimi nilipoona kutu nikaongeza stilwaya. Miaka yote hiyo nafundisha utando, halafu stenlesi iliyojivika utando uleule ilikuwa mbele ya macho yangu, yenye rangi ya mawingu, nikaiita chafu.

Nilimwomba Dhirajlal radhi mbele ya wateja walewale. Akasema, "Haya, haya," akarudisha miwani. Induben alinifungia makumbi kwenye gazeti.

Ijumaa, 12 Novemba

Niandike taratibu, maana mkono unakimbia.

Asubuhi nilichukua shati lake la kazi kulifua. Mfukoni mlikuwa na ile sumaku, amefungia kwenye kitambaa. Nilipokifungua nikakuta sumaku imeota manyoya. Vumbi la hudhurungi na vijisindano vya chuma vimesimama juu yake. Nilikimbia nayo bandani bila viatu. Nikaiweka tumboni mwa tangi: inateleza, tangi halijali. Nikaipitisha kwenye vidoa: inarudi na manyoya zaidi. Tangi ni lilelile alilolichagua. Kinachoshikwa ni stilwaya yetu.

Alijua. Siku ile alipotia kitu mfukoni alijua. Nadhani alihisi tangu mlangoni, siku ya dua, alipoziangalia stilwaya juu ya jiwe. Alikuwa na ushahidi kifuani Mjomba alipomwita mjinga mbele ya watu, na Mama amesimama pale, stilwaya mkononi, maji yanachuruzika. Angesema, aibu ingekuwa ya nani? Ya mama mkwe aliyeingia kwenye tangi kwa miguu yake, ya mke wake mwalimu, ya wanawake wa nyumba tatu. Akaona ni nafuu jicho lake ndilo likosee.

Nami nilimwambia yale ya kulala. Mungu anisamehe. Nilimpenda pale, katikati ya banda, miguu ina matope.

Nilimwambia Mama. Sikupamba. Alikuwa anachambua mchele.

"Alijua?" akauliza.

"Alijua, Mama."

"Na akamwambia kaka yangu kwamba jicho lake limekosea."

"Ndiyo."

Mama akaweka ungo chini. "Huyu mtoto kanisitiri," akasema. "Mimi nimemwona kwa miaka yote hii nadhani hana la kusema."

Alitoka. Nilidhani amekwenda kulia. Alirudi na kapu la ndimu, kanga imefungwa kiunoni.

Jumamosi, 13 Novemba

Ndimu na makumbi. Tumepaka, tumeacha mpaka adhuhuri, tumepaka tena. Kutu ilitoka kama chai. Mikono imechubuka, kila mkwaruzo unaniambia ulipo. Tumeosha kwa maji ya mvua, mengi, kisha Mama akawatoa wanawake wote bandani.

Jumapili, 14 Novemba

Haliguswi.

Mama ameweka kigoda mlangoni mwa banda na amekaa hapo kutwa na ufito. Kuku alitaka kupita akapigwa. Jirani alitaka kuchungulia akaambiwa tangi linapumua, arudi kesho.

Mimi nilikaa upande wa pili. Hakukuwa na mvua leo, ila hewa ile nzito inayoshuka kutoka msituni, yenye harufu ya mdalasini. Nilijaribu kuliona jambo lenyewe likitendeka. Hewa inaingia bandani, inapita juu ya ukingo, inateremka ndani polepole, na kila inapogusa chuma, ile kromiamu, metali iliyochanganywa ndani ya stenlesi, inaichukua kidogo, inajifunika nayo. Hakuna sauti. Hakuna anayesaidia. Niliwaza ndoa yangu, nikawaza mara ngapi nimemkwangua mtu yule nione kama bado yupo, na kila nilipokwangua nikaacha kitu changu ndani yake. Nikasinzia. Nilipoamka tangi lilikuwa na rangi ya mawingu, au ni mawingu yalikuwa yameingia.

Alhamisi, 18 Novemba

Mvua tangu Jumatatu. Hakuna kidoa.

Ijumaa, 19 Novemba

Hakuna.

Jumamosi, 20 Novemba

Hakuna. Mama ameona imetosha. Amemwita Mjomba, akampa kiti, akamwambia kila kitu, mbele ya wanawake walewale tuliosugua nao. Alijitaja yeye kwanza, kisha mimi. Mjomba alisikiliza, kidevu juu ya mkono. Alipitisha kidole tumboni mwa tangi akakiangalia.

"Kwa hiyo aliivaa aibu yetu," akasema.

"Aliivaa. Na wewe ukamfukuza nayo."

"Sikumfukuza. Nilizungumzia migomba."

"Athumani," Mama akasema. Ukijumlisha umri wa ndugu hawa unapita miaka mia moja na ishirini, lakini kwa jina lile Mjomba alirudi kuwa mdogo. "Aliyemtoa mtu ndiye anayemrudisha."

Mjomba hapendi safari za mvua. Kesho anakwenda Turiani.

Jumanne, 23 Novemba

Bado. Nanasi moja karibu na kisima limeanza kugeuka rangi upande wa chini. Nimelifunika kwa majani jua lisiliharakishe.

Alhamisi, 25 Novemba

Wamekuja. Niliwaona tokea barazani, wanapanda kwa miguu kwa sababu gari limekwama darajani: Mjomba mbele na mwavuli, Mwinjuma nyuma na mizigo yote miwili. Nilitaka kukimbia nikaona haya, nikasimama, kisha nikakimbia.

"Mwalimu," akasema.

"Fundi."

Nilimwuliza palepale njiani kwa nini hakuniambia, hata mimi peke yangu. Akacheka, mara ya kwanza tangu lile lori. "Ningekwambia, ungenyamaza?"

Nilifikiri. "Nisingenyamaza."

"Basi." Akahamisha mzigo bega. "Nilikuwa naulizia tindikali kwenye karakana ya miwa. Ile tuliyokuwa tunatumia kiwandani kuondolea kutu. Hawakunipa. Mjomba anasema ninyi mmetumia ndimu."

"Ndimu na kungoja."

Alikwenda moja kwa moja bandani, matope miguuni. Wanawake walikuwa wamekwishajaa, habari haina breki huku. Mama alisimama kando, pale anaposimama siku zote mkwe wake akiwepo. Mwinjuma aliliangalia tangi bila kuligusa. Nikampa sumaku yake, nimeisafisha. Akaiweka tumboni mwa tangi, akaiachia. Iliteleza, ikaanguka, ikabiringika hadi miguuni kwa Mama.

Kila mtu alijua kinachofuata. Mama atarudi nyuma hatua, Mwinjuma atainama aokote. Yeye mwenyewe alikuwa ameshainamisha kichwa, anaangalia chini, anangoja nafasi yake.

Mama akainama yeye. Aliiokota, akaipangusa kwa pindo la kanga, akainyoosha. Mwinjuma aliendelea kuangalia chini, akitafuta pale itakapowekwa. Haikuwekwa. Mkono wa Mama ulibaki hewani, umechubuka kwa ndimu, maji yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Pokea, mwanangu," Mama akasema.

Akapokea, kwa mikono yake yote miwili, na vidole vyao vikagusana.

Jumatatu, 6 Desemba

Tumemenya mananasi ya kwanza. Mikono yote inawasha. Mjomba anaonja kila baada ya dakika, anasema anahakikisha.